Mtoto Akishasema: Mwongozo wa Siku Tatu za Kwanza kwa Makanisa ya Mtwara na Lindi

Nikipigiwa simu na kanisa kuhusu mtoto aliyefanyiwa ukatili, swali langu la kwanza ni moja: mmeshakaa kikao? Jibu huwa ndiyo. Wazee wa kanisa wamekaa, mjomba ameitwa kutoka shamba, mtuhumiwa kaletwa, soda zimefunguliwa, na binti wa miaka tisa amewekwa mkekani katikati ya watu wazima kumi na mmoja, anaambiwa "sema ukweli mbele za Mungu". Hospitali inakuja kukumbukwa siku ya tano.

Siwacheki. Mara ya kwanza yaliponifika, nikiwa mwalimu wa shule ya Jumapili, nilifanya vilevile, tena kwa nia njema. Mtoto aliniambia baada ya kipindi, nikamshika mkono mpaka kwa mchungaji, mchungaji akaita wazee. Jumatatu asubuhi nilipita nyumbani kwao nikakuta sketi yake ya bluu imeanikwa kwenye ua wa mabua, inachuruzika maji, imesuguliwa kwa sabuni ya mche mpaka pindo limepauka. Mama yake alidhani anamsafisha mwanawe. Hakuna aliyemwambia asifue, na mimi niliyekuwa na habari tangu jana yake ndiye niliyepaswa kumwambia.

Nimeandika haya kwa katekista, mwinjilisti, mwalimu wa watoto, mama wa jumuiya, yeyote ambaye mtoto anaweza kumwendea kwanza. Nimekazia ukatili wa kingono kwa sababu huko saa zinahesabika. Kwa mtoto anayepigwa, anayechomwa au anayenyimwa chakula fuata hatua zilezile, ukiruka yale ya vipimo na nguo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

Viandaliwe wiki hii. Siku mtoto atakapokuja hakutakuwa na muda wa kutafuta hata kalamu.

- Watu wawili wa kupokea taarifa, mwanamke na mwanamume, ambao watoto wanawajua kwa jina. Wasiwe mke wa mchungaji, wala ndugu wa karibu wa katekista. Siku mtuhumiwa akiwa ni kiongozi, njia ya taarifa isipite sebuleni kwake.
- Daftari la jalada gumu, kila ukurasa umeandikwa namba kwa mkono, pamoja na kalamu ya wino. Linafungiwa kwenye kabati lenye ufunguo mmoja.
- Bahasha kubwa za kaki, tatu au nne. Ni lazima ziwe karatasi. Nguo yenye unyevu ikifungwa kwenye nailoni inaota ukungu, na kilichokuwa kitumike kama ushahidi kinaozea humo.
- Khanga mbili safi na gauni la mtoto, kwa sababu hospitali inaweza kubaki na nguo alizovaa.
- Karatasi ya namba za simu iliyobandikwa ndani ya mlango wa ofisi: 116, ambayo ni simu ya bure ya kusaidia watoto, 112 ya polisi, kisha namba za afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na mtendaji wa kata. Tatu za mwisho nendeni mkazichukue wenyewe, kwa miguu. Ukishaonana na afisa uso kwa uso, siku ya shida simu yako haitakuwa ya mgeni.
- Fedha ya nauli, iliyotengwa na sadaka, ya kutosha kumfikisha mtoto na mlezi wake hospitali ya wilaya na kuwarudisha, mara tatu. Safari moja haimalizi, kama utakavyoona hatua ya 4.

Kitu cha mwisho ni karatasi moja iliyosainiwa na mchungaji na kamati nzima, yenye sentensi hii: "Taarifa ya ukatili kwa mtoto haijadiliwi katika kikao chochote cha kanisa kabla haijafika serikalini." Itafuteni saini hiyo sasa hivi ambapo hakuna mtu yeyote anayetuhumiwa. Akishapatikana mtuhumiwa, kila mjumbe atakuwa na ndugu wa kumtetea.

## Hatua ya 1: Sikiliza, usihoji

Mtoto hatakwambia "nimebakwa". Atasema "baba mdogo ananifanyia tabia mbaya", au "ananifanyia matusi", au atataja "dudu" kisha atazame chini. Anaweza kuanza na habari ya mtu mwingine: "kuna rafiki yangu..." Usimsahihishe na usimfundishe neno la kikubwa. Maneno yake ndiyo yenye thamani, hata yakiwa ya kitoto.

Sema mambo matatu tu: "Asante kwa kuniambia. Hujakosea kitu. Nitawaambia watu wachache wanaoweza kukusaidia." Hilo la tatu ni muhimu. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, hata akikusihi, kwa kuwa kesho utalazimika kuivunja ahadi hiyo na utakuwa mtu mzima wa pili kumsaliti.

Maswali unayoruhusiwa ni haya: "Ikawaje?" "Unaumwa mahali sasa hivi?" "Leo usiku unalala wapi, na nani atakuwepo?" Yakiisha hayo, nyamaza.

Sababu yake ni kwamba polisi, daktari na pengine hakimu watamwuliza tena, na kila anaporudia maelezo kidonda kinatoneshwa. Vilevile swali lenye jibu ndani yake ("alikuwa mjomba, eti?") linampa mtoto jina ambalo hakulitaja. Siku ya kesi wakili wa upande wa pili atauliza nani aliyemtajia jina hilo, na jibu litakuwa ni wewe.

Tahadhari: usiulize kamwe "kwa nini hukupiga kelele?" Wapo wanaodhani swali hilo ni la Biblia. Wasome Kumbukumbu la Torati 22:25–27: binti aliyekamatwa kondeni alilia, hapakuwa na wa kumwokoa, na Torati yenyewe inasema usimtende neno. Kama sheria ya Musa ilijua kwamba kilio kinaweza kukosa msikiaji, sisi wa Agano Jipya tunapata wapi ukali wa kumzidi Musa?

Utajua umefaulu ikiwa mtoto ameacha kuongea kwa kuwa amemaliza, maswali yako hayajazidi matatu, na hukuangua kilio mbele yake. Kalilie nyuma ya kanisa. Mtoto akiona umelia ataanza kukubembeleza wewe.

## Hatua ya 2: Andika ndani ya saa moja

Kumbukumbu ya mtu mwenye hasira inabadilika haraka. Kaa peke yako, fungua daftari, andika namna hii:

*Jumapili, saa 5:40 asubuhi, nje ya darasa la watoto. (Jina) alinijia peke yake. Alisema: "Baba mdogo ananifanyia tabia mbaya mama akilala shamba." Nilimwuliza: "Ikawaje?" Alisema: "Aliniziba mdomo na shuka." Alivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe. Alikuwa anajikuna mkono wa kushoto. Hakulia.*

Weka saini yako na saa uliyomaliza kuandika. Usiandike "alibakwa", hukuona. Wala usiandike "nadhani". Ukikosea neno, lipige mstari mmoja linalosomeka bado. Ukurasa uliofutwafutwa au uliochanwa unazua maswali kuliko kosa lenyewe.

Maelezo haya hayaendi kwenye kundi la WhatsApp la usharika, hata kama "ombi la maombi". Nimeona jina la mtoto likisambaa kutoka Mikindani mpaka kwa shangazi yake Dar es Salaam kabla mama mzazi hajaambiwa.

## Hatua ya 3: Toa taarifa leo, na uhakikishe usiku wa leo

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haisubiri uwe na uhakika, wala haikutumi kuchunguza. Yule mzee anayeuliza "je, kama mtoto anadanganya?" mjibu hivyo: kuchunguza ni kazi ya polisi, yetu ni kufikisha.

Piga kwanza kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto. Usipowapata, piga 116. Kwa mtendaji wa kijiji unaweza kwenda pia, ila kwenye vijiji vyetu ambako nusu ya watu ni ukoo mmoja, chunguza kwanza kama si shemeji ya mtuhumiwa. Ukiambiwa "nendeni mkamalizane", shukuru, ondoka, na umpigie wa juu yake. Andika daftarini nani alikwambia nini, saa ngapi.

Kisha usiku. Ukatili mwingi unatendwa na mtu anayelala nyumba moja na mtoto au anayeingia bila kubisha hodi, kwa hiyo kumrudisha nyumbani "tutaongea kesho" huenda ni kumrudisha kwenye shuka lilelile.

Hapa mjomba ana kazi. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito ambao baba mwenyewe hana. Makanisa mengi yanamwita mjomba kuja kuamua. Mwite, lakini kwa kazi nyingine: mfuate peke yake, mwambie serikali imeshaarifiwa, kisha mwulize, "Mjomba, mwanao atalala wapi salama leo?" Mjomba akiulizwa hivyo husimama upande wa mtoto. Akiulizwa "tufanyeje na jambo hili?" atatetea jina la ukoo. Na kama mjomba ndiye anayetajwa, basi mtafute bibi au mama mkubwa.

Usimhamishe mtoto kwa siri kwenda kwako au kwa mchungaji. Mahali pa kukaa pawe kwa ndugu, na afisa ustawi wa jamii ajue ni wapi. Kanisa likimficha mtoto, hata kwa upendo, asubuhi linaweza kushitakiwa lenyewe.

Utajua umefaulu ikiwa kabla jua halijazama kuna jina la mtumishi wa serikali daftarini, na unajua mlango gani mtoto amelala nyuma yake.

## Hatua ya 4: Polisi na hospitali kabla ya saa 72

Hesabu saa kutoka tukio lilipotokea, na si kutoka ulipoambiwa. Kama mtoto amesema Jumapili kuhusu Ijumaa usiku, umebakiwa na siku moja na ushee.

Saa 72 ndio ukomo wa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Hunywewa kila siku kwa siku 28. Daktari atapima pia magonjwa ya zinaa na homa ya ini, na kwa binti aliyevunja ungo atazungumza na mlezi kuhusu kuzuia mimba, jambo linalowezekana ndani ya siku tano za mwanzo. Najua mafundisho ya makanisa yanatofautiana hapo. Mazungumzo hayo ni ya daktari, mlezi na binti mwenyewe. Mwakilishi wa kanisa akae nje kwenye benchi.

Utaratibu wa kawaida ni kupita polisi kuchukua Fomu Namba 3, ile tunayoiita PF3, ambayo daktari atajaza. Lakini kama anavuja damu, ana homa au hawezi kutembea, nendeni hospitali moja kwa moja na fomu ifuate. Kutegemea uliko itakuwa Ligula, Mkomaindo, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao, au hospitali ya wilaya yenu. Ukifika ulizia kama wana Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako polisi, daktari na ustawi wa jamii hufanya kazi chini ya paa moja, ili mtoto asizungushwe madirisha sita.

Kabla ya safari:

Asioge. Asibadili nguo, asinawe sehemu zilizoguswa, na ikiwezekana asiende haja. Hili mwambie mama kwa maneno ya wazi, maana akili ya mama inamtuma kumsafisha mwanawe. Kama ameshaoga, nendeni vilevile, na msimlaumu.

Nguo zilizokwisha kuvuliwa zisifuliwe. Ziache zikauke kivulini, kisha kila moja iingie bahasha yake ya kaki. Andika juu jina, tarehe, saa na nani aliyeiweka. Nguo zote zikisongwa bahasha moja, ushahidi wa nguo moja unahamia nyingine.

Apande gari, si bodaboda peke yake. Mtoto aliyeumizwa na mwanamume asiombwe kumkumbatia mwanamume mwingine kilomita arobaini. Mmoja wa wale wawili, wa jinsia anayoitaka mtoto, asafiri naye pamoja na mlezi.

Zikishapita saa 72, nendeni hata hivyo. Majeraha, mimba na maambukizi vinahitaji kuonwa, na ripoti ya daktari bado ina kazi. "Tumechelewa" imewanyima watoto wengi tiba kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Utajua umefaulu ikiwa mlezi amerudi na dawa mkononi, tarehe ya kurudi kliniki, na namba ya jalada la polisi. Inakili namba hiyo daftarini. Bila namba, kila utakayemwendea atakwambia arudi kesho.

## Hatua ya 5: Usiitishe kikao, na usihudhurie kilichoitishwa

Hapa ndipo wengi wanaanguka, hata waliofanya vyema hatua zote nne. Siku ya pili au ya tatu watakuja watu. Watakuja kwa upole, wamevaa vizuri, na watasema "funika kombe mwanaharamu apite". Familia ya mtuhumiwa italeta mbuzi, au ahadi: tutalipa korosho zikiingia mnadani. Mama wa mtoto, aliyelala shamba msimu mzima na bado anadaiwa dawa ya kupulizia, atatazama mbuzi yule kwa macho mawili. Usimhukumu. Mpe nauli na chakula, ili umaskini wake usiwe ndio unaoamua.

Watakaokuja na Biblia watafungua mahali panne. Jiandae kwa kila mahali.

*Mathayo 18:15.* "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Rudi mwanzo wa sura hiyohiyo. Yesu amemwita mtoto mdogo na kumsimamisha katikati yao. Mtoto huyo bado amesimama hapo Yesu anapotaja jiwe la kusagia shingoni mwa anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Kuruka mistari 14 ya kumlinda mtoto ili ufike kwenye mstari wa kupatana ni kusoma sura kutoka katikati. Na hata huo mstari unazungumzia ndugu na ndugu, watu wanaoweza kutazamana usoni. Mtoto wa miaka tisa na mwanamume wa arobaini si wawili.

*1 Wakorintho 6.* Paulo anawakemea waumini wanaoshitakiana juu ya mambo ya maisha haya, kudhulumiana na kunyang'anyana, na anawauliza mbona msikubali kudhulumiwa. Anazungumza na watu wazima juu ya haki yao wenyewe. Mtu anaweza kusamehe ng'ombe wake. Hawezi kusamehe mwili wa mtoto wa jirani. Kuhusu anayetenda mabaya, Paulo huyohuyo aliandika Warumi 13: mamlaka haichukui upanga bure.

*Upendano husitiri wingi wa dhambi,* 1 Petro 4:8. Ni kweli, unasitiri dhambi uliyotendewa wewe.

*Waheshimu baba yako na mama yako.* Hii inatolewa mtuhumiwa akiwa mzazi. Amri hiyo ipo, na Waefeso 6 inainukuu, kisha baada ya mistari miwili inawageukia akina baba na kuwakataza kuwachokoza watoto wao. Katika theolojia ya Kikristo mtoto si mali ya mzazi, wala ya ukoo, wala ya kanisa. Tunamleta kwenye maji ya ubatizo tukikiri kwamba ni wa Mungu na sisi tumekabidhiwa. Aliyekabidhiwa hudaiwa hesabu.

Mimi huwa nawasomea 2 Samweli 13 badala ya kubishana. Tamari amebakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Absalomu anamwambia anyamaze, huyo ni ndugu yako, usilitie jambo hili moyoni. Daudi anasikia, anakasirika sana, na hafanyi kitu. Tamari anakaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu. Miaka miwili baadaye Amnoni anauawa, na mwisho wake ufalme wenyewe unatikisika. Kile kilikuwa kikao cha ukoo, kimekaa ndani ya Biblia, na matokeo yake tumeandikiwa. Baada ya kusoma mpaka hapo kuna mzee aliwahi kuniambia, "Basi Daudi alikuwa kama sisi." Sikuongeza neno.

Kisha waambie jambo la kisheria: kesi ya jinai si mali ya familia. Mlalamikaji ni Jamhuri, na mtoto ni shahidi. Mbuzi hawezi kuifuta. Kwa kubaka, Kanuni ya Adhabu inataja kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni maisha. Kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 kwa Sheria ya Elimu, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016. "Amwoe basi" halijawahi kuwa suluhisho.

Utajua umefaulu ikiwa wamekasirika, wameondoka, na mtoto hakuitwa.

## Hatua ya 6: Mtuhumiwa akiwa ni mtu wa kanisa

Siku hiyohiyo, kwa barua, asimamishwe huduma zote zinazomfikisha kwa watoto: kwaya, kipaimara, shule ya Jumapili, kutembelea shule. Barua iseme wazi kwamba ni kusimamishwa wakati serikali inachunguza, na kwamba haijahukumu chochote. Kisha askofu ajulishwe kwa maandishi. Hatua ya 3 inabaki palepale: askofu anaarifiwa pamoja na serikali, si badala yake.

Kwa Wakatoliki, tangu mwaka 2019 sheria ya Papa Fransisko inawalazimu mapadre na watawa kumwarifu askofu wanapopata habari za unyanyasaji uliotendwa na mtumishi wa Kanisa, na sheria hiyo haiondoi wajibu wa sheria za nchi.

Watakutolea 1 Timotheo 5:19, kwamba mashitaka juu ya mzee yanahitaji mashahidi wawili au watatu. Mstari unaofuata unaagiza wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Paulo alikuwa anazuia umbea, hakuwa anamjengea mzee ukuta.

Tahadhari mbili. Kumhamishia kigango kingine ni kuwapelekea watoto wa huko tatizo lenu bila kuwaambia. Na kuhusu kitubio: padre aliyesikia ndani ya sakramenti amefungwa na siri hiyo, hawezi kuivunja. Anachoweza, mtoto akiwa ndiye anayesema, ni kumwambia kwa upole kwamba hii si dhambi yake, na kumwomba aje kumweleza yeye au mwalimu wake nje ya kitubio, hata dakika tano baadaye chini ya mwembe. Mapadre wasiolijua hili hubaki wamejifungia na mzigo ambao mtoto alikuwa tayari kuutoa nje.

## Hatua ya 7: Jumapili inayofuata

Watu wameshajua nusu. Ukinyamaza, nusu nyingine wataitunga. Tangazo liwe fupi: "Kuna jambo linalohusu usalama wa mtoto, limefikishwa kwenye vyombo vya serikali. Tunaomba msitaje majina wala kuulizana. Mwenye taarifa aonane na fulani au fulani." Basi. Msihubiri utii wa watoto wiki hiyo, hata kama kalenda ya masomo ndiyo inayoelekeza huko.

Maombi kwa mtoto yawe mafupi, na aulizwe kwanza kama anataka kuwekewa mikono. Wengine hawataki kuguswa, nao wana sababu. Asiitwe mbele kutoa ushuhuda. Akianza kukojoa kitandani, kupiga kelele usiku au kuzimia darasani, msikimbilie kukemea pepo. Mwambieni afisa ustawi wa jamii na daktari.

Na asiambiwe asamehe. Siku akitaka mwenyewe kuuliza habari ya msamaha, atauliza.

## Hatua ya 8: Miezi inayofuata

Kanisa huwa na nguvu wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu hakuna anayekumbuka. Gaweni kazi kwa majina: nani anapita kila jioni kuhakikisha dawa za siku 28 zimenywewa, nani anakwenda naye kliniki kurudia vipimo, nani anazungumza na mwalimu mkuu, nani ana nauli ya mahakamani.

Kesi zitaahirishwa, hilo mjiandae nalo. Mtoto akiitwa kutoa ushahidi, mpelekeni akaone jengo siku moja kabla, aone mlango na choo vilipo. Msimfundishe maneno hata kidogo. Mtoto mdogo huahidi mbele ya mahakama kusema kweli, na katika makosa ya kingono ushahidi wake peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtoto aliyekaririshwa anasikika amekaririshwa.

Katika miezi hiyohiyo angalieni jando na unyago wa kanisa, maana likizo ya Juni au Desemba itawakuta. Kanisa la huku haliwezi kudai kwamba ya kumbini hayalihusu: Anglikana wa Masasi waliingiza jando ndani ya kanisa tangu enzi za Askofu Vincent Lucas. Basi aliyeingia aweke masharti. Wali, yaani watoto wanaofundwa, wasilale na mtu mzima mmoja peke yake, ngariba na nyakanga (kiongozi wa unyago) wajulikane kwa majina, mzazi aruhusiwe kufika bila taarifa, na wale watu wawili wa daftari wapite kumbini angalau mara moja usiku.

Mwisho kuna siku ambayo hakuna anayependa kuipanga: mtuhumiwa anarudi. Ameachiwa kwa kukosekana ushahidi, au amemaliza kifungo, na Jumapili asubuhi amesimama mlangoni na kitabu chake cha nyimbo. Muulizeni mtoto na mlezi wake kwanza, si yeye. Kama mtoto bado anasali hapo, yeye atafutiwe ibada nyingine au kanisa jingine, na viongozi wa huko waambiwe kwa maandishi. Kama mtoto ameshahama, anaweza kukaa, kwa masharti aliyoyasaini: asiingie kwaya, asikabidhiwe funguo, asikae benchi za watoto, na kuna mzee mmoja, kwa jina, anayekaa pembeni yake tangu kengele ya kwanza mpaka atakapotoka getini. Jina la mzee huyo liandikwe daftarini, ukurasa uleule ulioanza na sketi ya bluu.